Mtoto Hujifunza Nini Katika Nasari ya Parokia Nchini Kenya

Katika nchi jirani ya Kenya, elimu ya mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kuingia darasa la kwanza imebebwa kwa miaka mingi na wazazi wenyewe, kwa michango ya harambee, pamoja na madhehebu ya dini. Kanisa Katoliki lina nafasi kubwa katika kazi hiyo, kwani parokia nyingi zina darasa la watoto wadogo ubavuni mwa kanisa, likiongozwa na masista au na mwalimu aliyeajiriwa na parokia. Wakenya huliita darasa hilo nasari. Tanzania huitwa chekechea, na wazee bado hulikumbuka kwa jina la shule ya vidudu.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi shule hizo zilivyosimama kisheria. Tanzania ilitaifisha shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969. Kenya ilikuwa imeshika njia nyingine mwaka mmoja kabla: shule za misheni ziliingia chini ya usimamizi wa serikali, lakini makanisa yakabaki na cheo cha mfadhili. Nasari za parokia, hata hivyo, kwa kawaida ni za Kanisa lenyewe, na mzazi hulipa ada. Serikali ya Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwezi Januari 2003, nasari hazikuguswa na msamaha huo, na wazazi wengine wasio na uwezo wakaamua kumweka mtoto nyumbani hadi umri wa darasa la kwanza ufike. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoikabidhi elimu hiyo kwa kaunti, ambazo ni 47, na tangu mwaka 2013 kaunti zimekuwa zikiajiri walimu na kujenga madarasa yao.

Je, mtoto anayepelekwa kwa masista hujifunza nini? Mtaala wa Kenya uliotolewa mwaka 2017 unaweka miaka miwili ya maandalizi, kwa watoto wa miaka 4 na 5, na ndani yake mna lugha, hesabu, mazingira, kazi za ubunifu na viungo, na dini. Somo la dini ya Kikristo limetungwa kwa ajili ya Wakristo wote: uumbaji, Biblia, utoto wa Yesu, upendo na kugawana. Parokia huongeza yaliyo yake. Mtoto hufundishwa ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, na sala fupi kabla ya kunywa uji. Huonyeshwa kwamba padre huvaa zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe wakati wa Noeli na Pasaka. Husimuliwa habari za Mchungaji Mwema anayemtafuta kondoo aliyepotea, na katika nchi ya wafugaji kisa hicho hakihitaji ufafanuzi mrefu.

Lakini sehemu kubwa ya siku haihusu sala wala herufi. Masista wengi wa Afrika Mashariki waliufuata utaratibu wa Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa makabwela wa San Lorenzo, mjini Roma. Katika utaratibu huo mtoto hufunga vifungo, humimina maji kutoka jagi hadi jagi, hufagia, na hurudisha kila kifaa mahali pake. Kuna vigingi vya mbao vya kutumbukizwa katika matundu yaliyolingana navyo. Kigingi kimoja kikikosewa, cha mwisho hakiingii, na mtoto hugundua kosa bila kukaripiwa na mtu. Kila kifaa huwa kimoja tu darasani. Atakayekitaka naye hungoja zamu. Parokia isiyo na fedha za kununua vifaa hivyo hutumia visoda, punje za mahindi na vijiti.

Lipo pia zoezi la ukimya. Watoto hukaa bila kutikisika, kisha mwalimu akiwa mlangoni huwaita mmoja mmoja kwa sauti ya kunong'ona, na kila asikiaye jina lake huinuka na kumwendea bila kugusa kiti. Askari aliyewahi kushika lindo la usiku anajua ugumu wa jambo hilo kwa mtu mzima.

Hapa pana tofauti ambayo watu wa majeshi wataiona upesi. Kuruta hufundishwa utii kwa amri, naye ni mtu aliyekwisha kukomaa. Mtoto wa miaka minne hufundishwa kwanza kujiamuru mwenyewe. Kenya iliondoa fimbo mashuleni mwaka 2001, na Katiba na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zikatilia mkazo katazo hilo. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuipata nidhamu kwa njia nyingine.

Sheria hiyo ya mwaka 2013 inamtaka pia mfadhili wa shule, anapolea imani, alinde imani ya wengine. Si jambo dogo, hasa Pwani na Kaskazini Mashariki, ambako mtoto wa askari Mwislamu aliyehamishiwa kituo kipya anaweza kukosa nasari iliyo karibu ila ya parokia.

Tishio kubwa zaidi kwa malezi hayo linatoka nyumbani. Mzazi aliyelipa ada hutaka kuona daftari lililojaa maandishi, tena ya Kiingereza, ingawa sera ya nchi inataka mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Sheria inakataza shule za umma kumpima mtoto kwa mtihani ili akubaliwe kuingia, lakini shule za kulipia zenye sifa huchagua, na mzazi huogopa mwanawe kuachwa. Kwake yeye, kumimina maji ni mchezo aliolipishwa bure. Humhamisha mtoto kwa jirani anayefundisha kusoma mapema, na nasari inayoishi kwa ada, ikipoteza watoto kumi, hukosa mshahara wa mwalimu. Ndiyo sababu katika baadhi ya nasari hizo majagi yamewekwa kabatini, na watoto wa miaka minne wamepewa penseli na kuambiwa wanakili ubaoni.