Mafiga Matatu ya Dola

Wapo miongoni mwetu wanaoita kila kitu "Serikali". Sheria ikiwa ngumu, husema Serikali. Kesi ikicheleweshwa, husema Serikali. Usemi huo hauna madhara barazani, lakini ni hasara kwa mfanyakazi anayetafuta haki yake, kwani asiyeujua mlango atapiga hodi ukutani.

Ibara ya 4 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inagawa mamlaka ya dola katika mafungu matatu: utendaji, utoaji haki, na utungaji wa sheria pamoja na kusimamia shughuli za umma. Wahenga walikwisha kusema kuwa figa moja haliinjiki chungu.

Tumtazame mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, inayokataza mtu kuachishwa kazi bila sababu halali na utaratibu wa haki. Serikali, kwa mkono wa Waziri wa Kazi, hutoa Amri ya Mishahara inayoweka kima cha chini. Na mwajiri akimfukuza mtu kwa hasira zake, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume huweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Huko Waziri hana ruhusa ya kumwamuru Jaji nani ashinde. Ibara ya 107B yasema Mahakama ziwe huru.

Je, vyombo hivi vimetengana kabisa? La hasha! Rais ni sehemu ya Bunge, Mawaziri huteuliwa miongoni mwa Wabunge, na Majaji huteuliwa na Rais. Hapo ndipo panapotaka macho ya wananchi, maana jirani wakizoeana mno, mipaka ya shamba husahauliwa. Kwa hiyo Katiba imeweka vizuizi. Jaji haondolewi kazini kwa utovu wa nidhamu mpaka tume maalumu imchunguze. Bunge nalo laweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge ilipotoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Kura haikupigwa, taarifa ilitosha.

Ndugu wafanyakazi, Katiba haijilindi yenyewe. Yatupasa kumwuliza Mbunge juu ya sheria, kumdai Waziri utekelezaji, na kumwachia Jaji hukumu. Anayemwendea Mbunge ampindishie kesi anaubomoa ukuta ambao kesho atataka kujikinga nyuma yake. Na anayezimaliza siku zake 30 akinung'unika barazani, asije akasema kwamba haki ilimnyima. Yeye ndiye aliyechelewa kubisha.