Kuwasha Motakaa kwa Kuisukuma

Kipupwe kinapoingia katika nchi ya juu ya kusini, yaani Juni na Julai, mwenye motakaa katika Mbeya, Iringa au Mufindi huamka asubuhi akaikuta haitaki kuwaka. Sababu ni baridi. Dawa iliyomo ndani ya betri hufanya kazi polepole pasipo joto, na oili ya injini huwa nzito; basi betri hupungukiwa nguvu saa ile ile injini inapotaka nguvu zaidi. Ndipo majirani huitwa waje kusukuma.

Watu wengi husukuma bila kujua maana ya kazi hiyo, wakachoka bure. Stata ni mota ya umeme ambayo kazi yake ni kuizungusha injini mpaka ishike moto yenyewe. Motakaa za Cadillac, huko Marekani, zilitiwa stata ya umeme mwaka 1912. Kabla ya hapo madereva walizungusha kwa mkono wa chuma, nao uliporudi kwa nguvu uliwavunja wengi mikono. Motakaa ikisukumwa, magurudumu yake ndiyo yanayoizungusha injini, kwa kupitia gia na klachi.

Dereva afungulie swichi, atie gia ya pili, akanyage klachi mpaka chini. Motakaa ikipata mwendo wa mtu akimbiaye polepole, aachie klachi mara moja. Injini ikishika aikanyage tena upesi, huku akitia mafuta kidogo. Wengi huuliza, mbona si gia ya kwanza? Kwa gia ya kwanza, gurudumu likizunguka mara moja injini hutakiwa kuzunguka mara kumi na zaidi, kwa hiyo motakaa hushikwa ghafula, na wasukumaji hujigonga vifua. Gia ya pili yataka kama mara saba au nane tu.

Njia hii haifai kwa motakaa ya otomatiki. Wala haifai betri ikiwa imekufa kabisa, kwani injini za siku hizi hutaka umeme kidogo ili zipate petroli na cheche. Taa zikiwaka, hata kwa mwanga hafifu, yafaa kujaribu, zisipowaka msijichoshe. Na mkisukuma mara tatu isiwake, acheni, maana huenda ubaya hauko katika betri, na petroli isiyoungua huingia katika bomba la moshi ikaharibu kifaa cha kusafishia moshi.

Sasa tuje kwenye jambo lenye hatari. Kwetu mitelemko haina hesabu, na madereva wengi huilaza motakaa mtelemkoni, jiwe chini ya gurudumu, ili asubuhi ishuke yenyewe. Ni hila nzuri mahali palipo wazi na penye mtelemko mdogo. Lakini injini ikiwa imezimika, breki hukosa msaada wake: ukikanyaga mara mbili tatu huwa ngumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa waweza kujifunga kabisa. Atakayejaribu hayo katika Kitonga, penye kona kali, korongo upande mmoja na malori ya mizigo yakipita mfululizo, anacheza na roho za watu. Motakaa ikizimika huko, zuieni magurudumu kwa mawe, wekeni alama mbali nyuma na mbele, hata matawi ya miti, mkangoje fundi.

Wasukumaji wakae nyuma, wala si ubavuni karibu na magurudumu; washike bati, wasishike kioo wala taa. Mtu asisimame kati ya motakaa mbili. Watoto hupenda sana kukimbia pamoja na motakaa inayosukumwa, nasi twawaomba walimu wawakataze, kwani ikishika huruka mbele, na pengine dereva hushtuka akafunga breki.

Ikiisha kuwaka, isizimwe upesi, bali iendeshwe nusu saa au zaidi ili betri ipate kujaa. Kisha, injini ikiwa imezimwa, tazameni vichwa vya betri. Mkiona unga mweupe au wa kijani, fungueni nyaya, ule wa hasi kwanza, mkaoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, mkaangalie yasiingie ndani ya betri, mkakaushe na kukaza barabara. Mara nyingi unga huo ndio uliowaita majirani, wala betri haikuwa na kosa.