Alishinda Vita vya Ziwa, Akashindwa Kusikilizana: Maisha ya Ofisiye Spicer-Simson



Ukisema "ofisiye wa jeshi la maji", wengi wetu tunawaza mara moja bahari na meli kubwa yenye mizinga. Tunasema ile ni habari ya watu wa Banana na Matadi, sisi wa Bogoro inatuhusu nini? Lakini barabara yetu inateremka mpaka Kasenyi, Kasenyi iko kwenye Ziwa Albert, na katikati ya ziwa kunapita mpaka wa Kongo na Uganda. Hakuna mvuvi anayeuona kwa macho. Basi ofisiye anayelinda maji kama haya ana kazi mbili: kujua kupigana, na kujua kusikilizana na mwenzake wa upande wa pili au na rafiki aliye pamoja naye. Kazi hii ya pili ndiyo wanaita diplomasia ya kijeshi. Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha kazi zote mbili, na sehemu kubwa ya habari yake ilipitia hapa hapa Kongo.

Geoffrey Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 kule Tasmania. Aliingia jeshi la maji la Uingereza akiwa kijana mdogo. Kazi aliyoijua vizuri ilikuwa ya kupima maji: alipima mto Yangtze huko China, kiisha mto Gambia, Afrika ya Magharibi. Kifaransa alikijua vizuri. Lakini vyeo vilikuwa vinampita. Mwezi wa Novemba 1914 meli aliyokuwa nayo, Niger, ilizamishwa na Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza, yeye akiwa nchi kavu. Wakamweka kwenye ofisi London.

Mwaka 1915 nafasi ikafunguka. Wajerumani walikuwa wanatawala Ziwa Tanganyika kwa mashua zao za vita, na Wabelgiji upande wa Kongo hawakuwa na chombo cha kuwazuia. Waingereza wakaamua kutuma mashua mbili za motere, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa kama metre 12. Wakamchagua Spicer-Simson awe komanda.

Sasa fikirini ile safari. Walitoka Uingereza mwezi wa Juni kwa meli mpaka Cape Town, halafu treni mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka pale mashua zilivutwa na matrakta ya mvuke na ng'ombe kupanda milima ya Mitumba. Maelfu ya Wakongo walikata barabara msituni na kujenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya matrakta yalipokosekana, wanawake wa vijiji waliyabeba kwa mitungi vichwani. Kiisha treni tena, mto Lualaba, treni nyingine, mpaka wakafika Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo, mwishoni mwa Oktoba. Majina ya wale waliobeba na kukata hayakuandikwa, lakini bila wao hakuna mashua ingefika. Na bila Wabelgiji kukubali kutoa njia, treni, chakula na bandari, safari isingeanza hata kidogo. Kwa hiyo mapatano yalitangulia risasi.

Risasi zenyewe zilikuwa fupi. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka mashua ya Kijerumani Kingani kwa muda usiofika nusu saa, wakaipa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson akapewa nishani.

Lakini hapo ndipo mambo yalianza kuharibika. Wajerumani walibaki na Graf von Götzen, meli ya karibu metre 70. Wabelgiji walitaka waipige pamoja, yeye akakataa. Aligombana na maofisiye wa Kibelgiji juu ya nani anamwamuru nani ziwani. Alipofika Bismarckburg, sasa Kasanga ya Tanzania, hakuingia kupiga, na Wajerumani wakatoroka kwa mitumbwi. Götzen haikuzamishwa na adui yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokimbia Kigoma, kisha Waingereza wakaitoa majini. Ndiyo ile Liemba iliyobeba abiria wa Tanganyika miaka mingi.

Spicer-Simson alirudishwa kwao, hakupewa tena meli ya kuamuru. Ila maisha yake hayakuishia pale. Ofisi ya kimataifa ya kupima bahari ilipoanzishwa Monaco mwaka 1921, yeye ndiye alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza, mpaka 1937. Ajabu, sivyo? Mtu aliyeshindwa kupatana na marafiki wa vita alitumia miaka 16 kusaidia mataifa yawe na ramani za maji zinazofanana.

Turudi kwetu sasa. Mpaka wa Ziwa Albert ulipangwa kwa mapatano ya Uingereza na Ubelgiji ya mwaka 1915, mwaka ule ule wa Mimi na Toutou. Tarehe 3 Agosti 2007 askari wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi karibu na kisiwa cha Rukwanzi, na mfanyakazi wa kampuni ya Heritage Oil aliyekuwa kwenye kazi ya kutafuta petroli akauawa. Mwezi uliofuata, tarehe 8 Septemba, marais wawili waliweka sahihi mapatano ya Ngurdoto, Tanzania, na kupima upya mpaka kulikuwa moja ya mambo waliyokubaliana. Julai 2018 askari wa maji wa nchi hizo hizo walipigana tena, safari hii Ziwa Edward, na watu wakafa.

Mimi nimesoma agronomia. Kwenye mashamba, ugomvi wa mpaka unatulia pale mtu anapoleta kamba na vijiti, na majirani wote wawili wakiwa wamesimama pale wanaangalia. Ziwani ni vile vile, ila kamba yake ni ramani, vipimo na maofisiye wanaojuana kwa simu kabla mtumbwi haujakamatwa.

Kazi hii inaomba watu wenye masomo: jiografia, sheria, upimaji, lugha. Waalur wako pande zote mbili za ziwa, na Kiswahili kinasikika ng'ambo na huku. Sisi wa Bogoro, tunaokumbuka tarehe 24 Februari 2003, hatuhitaji mtu atufundishe bei ya bunduki. Kwa hiyo ukiona tangazo la jeshi la maji au la ofisi ya mipaka, usipite tu ukisema ni habari ya watu wa Matadi. Mvuvi wa Kasenyi anayetupa nyavu usiku huu anahitaji upande wetu uwe na mtu anayejua kusoma ramani na kuongea.