Baada ya maafa, baridi ni adui wa pili

Maji yakishuka au ardhi ikitulia, wengi tunadhani hatari imekwisha. Kumbe aliyenusurika bado ana usiku mrefu mbele yake, bila paa wala nguo kavu.

Uturuki na Syria, tetemeko la Februari 6, 2023 lilitokea kabla ya alfajiri, katikati ya majira ya baridi. Watu walitoka na nguo za kulalia, wakakutana na theluji. Hapa nchini, tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 liliwaacha maelfu bila nyumba, na mvua za vuli zikawakuta chini ya maturubai.

Ruaruke hatuna theluji. Lakini mafuriko ya Mto Rufiji ya Aprili 2024 yaliwahamisha watu wa Kibiti na Rufiji, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaleta mvua na upepo mkali. Hata huku pwani, mtu aliyelowa na kupigwa na upepo hupoteza joto haraka. Wazee na watoto wachanga huathirika zaidi.

Ukimpokea mwathirika, zingatia haya:

Mvue nguo zilizolowa kwanza, kisha mfunike. Blanketi juu ya nguo mbichi halisaidii sana.

Weka kitu chini. Ardhi hunyonya joto la mwili, hivyo tandika majani makavu, maboksi au mikeka miwili. Ukiwa na blanketi mbili, moja ilale chini.

Mtoto mchanga akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kikiwa kimefunikwa.

Usiwashe jiko la mkaa ndani ya turubai lililofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala huenda asiamke.

Turubai liwe na mteremko, na lichimbiwe mfereji kuzunguka ili maji yasiingie.

Ukiona mtu ameacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, ulimi mzito, anasinzia, usisubiri kupambazuke. Mpeleke kituo cha afya.

Tunapochanga, tumezoea unga na maharage. Ni vyema, ila tuongeze mikeka, blanketi, kanga na sufuria. Kila kitongoji kikubaliane mapema, kabla ya masika, vitu hivyo vitatunzwa wapi pakavu na nani atashika ufunguo.