Uwanja wa Gofu Husomwa kwa Kuchuchumaa

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2019, katika uwanja wa Augusta National, jimbo la Georgia, Marekani, Francesco Molinari wa Italia alifika shimo la 12 akiongoza mashindano ya Masters kwa mikwaju miwili. Shimo lenyewe ni fupi: yadi 155, kama mita 142 hivi. Kwa mchezaji wa kiwango chake ni mkwaju mmoja wa fimbo ndogo. Akapiga. Mpira ukatua kwenye ukingo wa nyasi, ukabingirika kurudi nyuma, ukazama kijitoni. Tony Finau, aliyekuwa naye kundi moja, akazamisha wake pia. Muda mfupi kabla yao Brooks Koepka na Ian Poulter walikuwa wameyatembelea maji hayohayo. Katika wachezaji sita wa makundi mawili ya mwisho, wanne waliangukia mtoni. Tiger Woods hakuitazama bendera. Alilenga kushoto kwake, juu ya bunka la mbele, yaani tundu la mchanga la kutega mipira, akakubali mpira ukae mbali na shimo, akamaliza kwa mikwaju mitatu. Jioni ile alivaa koti la kijani la mshindi kwa mara ya tano.

Siku iliyofuata kila mtu alizungumzia upepo na woga. Upepo pale upo kweli, tena unazunguka kati ya miti mpaka mchezaji hajui uvumako. Lakini sisi ambao kazi yetu ni kupima na kukarabati viwanja tunaanza na jambo jingine kabisa, nalo ni jinsi grini ilivyokaa.

Kwa msomaji asiyecheza, grini ni kile kiwanja cha nyasi zilizokatwa hadi kukaribia udongo, ambamo shimo huchimbwa na bendera kusimikwa. Grini ya 12 pale Augusta haimkabili mpigaji kifua kwa kifua. Imekaa mshazari: ncha yake ya kushoto iko karibu, ya kulia iko mbali. Sasa fikiria mtu anayepiga kwa mkono wa kulia. Makosa yake yana tabia. Mpira unaomponyoka kwenda kulia kwa kawaida huwa haukushikwa sawasawa, kwa hiyo hupungukiwa. Unaokwenda kushoto huwa umevutwa kwa nguvu, kwa hiyo huzidi. Pale Augusta upande wa kulia ndio unaotaka urefu zaidi, nao ndio anaopungukiwa. Mbele yake kuna kijito. Kushoto panataka urefu kidogo tu, nako ndiko anakozidisha. Nyuma yake kuna mabunka. Mpigaji wa mkono wa kushoto mambo yamemgeukia vizuri: makosa yake yanafuata mshazari wa grini. Kati ya mwaka 2003 na 2014, Masters sita kati ya 12 zilichukuliwa na watu wa mkono wa kushoto: Mike Weir mara moja, Phil Mickelson mara tatu, Bubba Watson mara mbili. Sisemi kwamba shimo moja ndilo lililowapa makoti hayo. Ninachosema ni kwamba ukiigeuza grini ile kidogo tu ikatazamana na mpigaji, maji yakabaki palepale na mabunka palepale, utabaki na shimo la kawaida ambalo hakuna atakayelikumbuka.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuueleza. Mtu akikuonyesha picha ya uwanja iliyopigwa kutoka angani, yenye ziwa, minazi na mchanga mweupe, bado hajakuonyesha kama uwanja huo ni mzuri. Uzuri wake uko chini ya magoti yako. Ndiyo maana makedi wazoefu, wale waliobeba mifuko kwa miaka 20, wakifika grini huchuchumaa. Wanaposhuka kufikia usawa wa nyasi ndipo huona ardhi inavyoinama.

Augusta ilisanifiwa na Alister MacKenzie pamoja na mchezaji Bobby Jones. MacKenzie alikuwa daktari Mwingereza aliyetumikia jeshi katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Huko aliona jinsi Makaburu walivyojificha kwa kuutumia mwinuko na bonde la ardhi yenyewe, adui akapita karibu asijue. Aliporudi na kuingia kwenye usanifu wa viwanja alilichukua somo hilo: vilima vyake vya kuchongwa vinaungana na ardhi mpaka mgeni hatambui palipochimbwa, na bunka lake linaweza kuonekana limeigusa grini kumbe kati yake kuna nafasi ya hatua nyingi. Mchezaji anayeamini macho hupiga mfupi. Aliyekuja jana akatembea kwa miguu anaijua ile nafasi.

Kabla ya Augusta, MacKenzie aliupima uwanja wa Old Course wa St Andrews, Scotland, na mwaka 1924 akakamilisha ramani yake. Huo ndio uwanja ninaowashauri vijana wa fani hii wausome kwanza, kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyeusanifu. Upepo, kondoo na miguu ya wachezaji wa karne kadhaa ndio walioufinyanga. Shimo la 17 lina bunka dogo ubavuni mwa grini, linaloitwa Road Bunker. Ukilipima kwa futi ni tundu tu. Lakini ardhi inayolizunguka imeinama kuelekea ndani, kutoka pande ambazo hukuzitarajia, hata kutoka kwenye grini yenyewe. Kwa hiyo bunka linalokula mipira ni kubwa mara kadhaa kuliko linaloonekana.

Mwaka 1978, kwenye mashindano ya The Open, Mjapani Tommy Nakajima alikuwa tayari ameshafika grini ya shimo hilo kwa mikwaju miwili. Alikuwa salama. Akausukuma mpira kuelekea bendera, ukapanda, ukasita, ukafuata mwinamo, ukatumbukia bunkani. Alihitaji mikwaju minne kutoka mle, akamaliza shimo kwa tisa. Kosa lake lilikuwa nguvu iliyopungua au kuzidi kidogo sana kwenye nyasi laini. Mwaka 2000, kwenye mashindano hayohayo, David Duval naye alinaswa kwenye bunka hilohilo siku ya mwisho, akapiga mara kadhaa ndipo akatoka. Aliyekuwa akicheza naye, Tiger Woods, alimaliza siku zote nne bila mpira wake kuingia hata kwenye bunka moja kati ya mabunka 112 ya uwanja ule, akashinda kwa tofauti ya mikwaju minane.

Tukiwa bado bunkani, kuna kisa cha karibuni ambacho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakikuhitaji hata jembe. Mabunka ya viwanja vya pwani ya Uingereza hujengwa ukuta wa mabonge ya udongo wenye nyasi, tabaka juu ya tabaka, umesimama wima kama ukuta wa kisima. Mwaka 2023 The Open ilichezwa Royal Liverpool, na sakafu za mabunka zilisawazishwa zikawa bapa mpaka ukutani. Siku ya kwanza mchanga ulikauka kuliko ilivyotarajiwa, na mipira iliyoingia ilibingirika moja kwa moja ikabanana na ukuta. Wachezaji wakubwa duniani wakawa wanapiga kinyumenyume au wanapiga magoti nje ya bunka. Usiku ule waandaaji hawakujenga chochote. Waliwaambia watunzaji waubadilishe tu mkono wa reki: mchanga upandishwe hadi tabaka moja la ukuta, sakafu ipate mteremko mdogo wa kuurudisha mpira katikati. Asubuhi yake mabunka yalikuwa na tabia nyingine. Kimo cha bonge moja la udongo kilitosha kutenganisha adhabu ya haki na adhabu ya bahati mbaya.

Nyasi nazo. Hapa tuna jambo letu sisi wa Afrika Mashariki, na nashangaa jinsi tunavyolizungumza kidogo. Ile nyasi ya kikuyu inayofunika viwanja vya nyanda za juu za Kenya, ambayo mkulima wa kahawa anailaani na mfuga ng'ombe anaisifu, imepewa jina la Wakikuyu kwa sababu asili yake ni kwenye nyanda hizi. Ilivuka bahari mwanzoni mwa karne iliyopita ikafika California, ikatumika kuzuia mmomonyoko wa udongo, halafu ikaenea bila kuomba ruhusa. Leo ndiyo nyasi ya Riviera, Los Angeles, uwanja uliosanifiwa na George Thomas katika miaka ya 1920, ambako Ben Hogan alishinda U.S. Open mwaka 1948.

Kikuyu ina jani pana na gumu, na shina linalotambaa likasukwa kama mkeka. Mpira ukikaa juu yake kwenye uwanda wa nyasi fupi, unakaa vizuri kana kwamba umewekewa kigingi. Ukidondoka mbele kidogo ya grini ukitegemea uruke na kubingirika kuingia, kikuyu inaukamata palepale. Kwa hiyo ramani ileile ya uwanja, ikipandwa nyasi nyembamba ya Scotland, inamruhusu mchezaji apige chini na kuuacha mpira ukimbie, na ikipandwa kikuyu inamlazimisha apige juu. Shimo la 10 la Riviera linaonyesha hesabu hiyo. Lina yadi 315 tu na ni la mikwaju minne, kiasi kwamba mwenye nguvu anaweza kuifikia grini kwa mkwaju mmoja. Kila mmoja anatamani kujaribu. Lakini grini ni nyembamba, imekaa mshazari, na anayeikaribia kutoka upande wa kulia anakuta hana pa kutua. Njia ya busara ni kwenda kushoto kabisa, mbali na inakoelekea tamaa.

Nyumbani, kinachoharibu viwanja vyetu vya zamani mara nyingi si ukosefu wa fedha. Ni mashine ya kukatia nyasi. Anayeiendesha anaogopa, kwa haki yake, kuchuna ukingo wa grini, kwa hiyo kila wiki anakata ndani kidogo ya mstari wa wiki iliyopita. Vidole viwili, vitatu. Baada ya miaka 30 grini iliyokuwa na pembe imekuwa yai. Bunka lililokuwa limeibusu grini sasa liko peke yake kwenye nyasi ndefu, hatua tano kutoka popote, na wanachama wanauliza aliyeliweka pale alikuwa anafikiria nini. Zile pembe zilizopotea ndizo zilizokuwa mahali pagumu pa kusimika bendera, penye mteremko pande mbili. Ukichuchumaa ukatazama mwinamo, mara nyingi bado utaiona grini ya zamani imelala chini ya nyasi ndefu, na kuirudisha kunataka kushusha visu kidogo kidogo na uvumilivu wa miezi.

Jambo la pili ni kasi. Mwaka 1935 Mmarekani Edward Stimpson alibuni kijiti chenye mfereji cha kupimia kasi ya grini: unaweka mpira, unakiinua, mpira unateremka, unapima futi ulizokwenda. Mwaka 1978 shirika la gofu la Marekani likaanza kukigawa kwa vilabu, na tangu hapo vilabu vinashindana kwa namba. Mwinamo uliochongwa wakati nyasi zilikuwa ndefu na mpira ukienda polepole haukuvumilii ukizikata hadi karibu na mizizi, kwa maana mpira hausimami tena. Kamati ikiona hivyo hailaumu kasi, inalaumu mwinamo, na tingatinga linaitwa kuusawazisha. Kazi ya mikono ya watu wa miaka mingi inaondoka kwa asubuhi moja.

Niliwahi kuitwa kwenye klabu moja baada ya kazi ya namna hiyo. Walikuwa wamefukia bonde dogo mbele ya grini, la kina cha goti, kwa kuwa wakati wa masika lilikuwa likijaa maji na kuchafua viatu. Mvua iliyofuata, maji yaliyokuwa yakipumzika bondeni yakaingia grini na kukaa siku tatu. Mzee mmoja aliyekata nyasi pale tangu ujana wake aliniambia alijua itakuwa hivyo. Hakuna aliyemuuliza.

Basi kwa ndugu zangu wanakamati wa vilabu, Nairobi, Arusha, Kampala na kwingineko, ombi langu ni moja. Kabla ya kusaini mkataba wa ukarabati, mwiteni mpima ardhi achukue vimo vya kila grini, kila bonde na kila ukingo, hatua kwa hatua, na karatasi hizo zihifadhiwe klabuni. Tembeeni pamoja na mkata nyasi na kedi mzee kuliko wote, wawaonyeshe maji yanakopita na mipira inakokimbilia. MacKenzie aliupima uwanja wa St Andrews kwa uangalifu wote ule, na hakuwa ameombwa kuhamisha hata koleo moja la mchanga.