Kutwanga sombe bila kuamsha parseli nzima

Hapa Salamabila tunaishi karibu-karibu. Tangu dhahabu ilipoanza kuvuta watu upande huu wa Kabambare, parseli moja inaweza kubeba familia tatu, ine ao zaidi: mwenye nyumba mbele, wapangaji nyuma, na vijana wachimbaji wanaolala wengi ndani ya chumba kimoja. Jiko la mmoja linagusa dirisha la mwingine. Ndiyo maana kinu, mashini ya kusaga na jenereta vinaweza kuleta ugomvi kati ya watu ambao jana walikula pamoja.

Tuseme wazi: hakuna mtu anaweza kumwambia mama aache kutwanga. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga vizuri, kisha kuyachemsha muda mrefu, ndiko kunaipunguza. Sombe isiyotwangwa vizuri inaweza kuleta ugonjwa. Basi swali si kutwanga ao kutotwanga. Swali ni wapi, saa gani, na nani amejulishwa.

Kelele inapita wapi?

Kelele ya kinu inapita njia mbili. Ya kwanza ni chini. Kinu kikisimama juu ya simenti ya baraza, kila pigo linaingia ndani ya simenti, linapanda ku ukuta, na mtu aliyelala upande wa pili anasikia kitanda kinatikisika. Kinu kikiwekwa juu ya udongo laini, mbali kidogo na nyumba, udongo unameza sehemu kubwa ya pigo. Dawa ni rahisi: chukua gunia kuukuu, jaza maganda ya mpunga, yale yanayotupwa ku mashini, ao mchanga, kisha weka kinu juu yake.

Njia ya pili ni juu. Nyumba nyingi hazina plafo, na ukuta unaotenga vyumba haufiki ku bati. Sauti inapita pale juu kama vile mlango uko wazi. Kufunga dirisha peke yake hakusaidii sana. Kinachosaidia ni umbali. Pahali palipo wazi, ukisogeza kelele mara mbili mbali, inapungua desibeli 6 hivi. Kutoka metre mbili kwenda ine, kisha kutoka ine kwenda nane, tofauti inasikika.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri mwaka 1999: usiku, kelele ya ghafla ndani ya chumba cha kulala isipite desibeli 45, kama tunataka mtu alale vizuri. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yanafika 60 hivi. Mikseri ya kusaga tomati ao kutengeneza juisi inaweza kupita 80, na hapo hatujaongeza jenereta inayoipa moto.

Jenereta: usiifiche ndani

Hapa tuwe waangalifu. Watu wengine, wakiogopa wezi ao malalamiko ya majirani, wanaingiza jenereta ndani ya jiko ao koridoo na kufunga mlango. Kelele inapungua kweli, lakini moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Inaua watu wakiwa usingizini. Jenereta ibakie inje, mbali na milango na madirisha, yako na ya jirani, na bomba la moshi litazame pahali hapana watu. Kama inasumbua, punguza saa za kuiwasha.

Usiku wetu si kama wa kwingine

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa mji wenye amani hawezi kulielewa haraka. Wakaaji wengi wa hapa walishakimbia nyumba zao juu ya mapigano kati ya jeshi la serikali na Mai-Mai Malaika. Mtu aliyezoea kuamshwa na risasi, akisikia "pu! pu!" saa tisa ya usiku, haulizi kwanza kama ni sombe. Anashika watoto.

Na usiku wa parseli ni ulinzi pia. Mgonjwa akiita, mlango ukivunjwa, mtoto akilia peke yake, ni masikio ya majirani yanayosaidia. Jenereta ikinguruma mpaka usiku wa manane, masikio hayo yote yamezibwa, hata ya yule aliyeiwasha.

Mpatane saa

Kila parseli inaweza kujipangia. Mfano: hakuna kutwanga mbele ya saa kumi na mbili ya asubuhi wala kisha saa mbili ya usiku. Lakini mchimbaji aliyeshinda usiku ndani ya shimo analala mchana. Naye anastahili saa zake. Mulizeni analala saa ngapi, kisha mutwange upande mwingine wa parseli. Kwa majirani Waislamu, wakati wa Ramadhani, sombe ya daku inaweza kutwangwa na kuchemshwa jioni, ibakie kupashwa moto tu alfajiri.

Kukiwa matanga ao ndoa, kelele haikosi. Basi pita nyumba kwa nyumba mbele ya siku hiyo: "Mama, kesho tuko na wageni, tutatwanga mapema, mutuvumilie." Aliyeambiwa hakasiriki kama aliyeshtukizwa.

Na wewe unayesumbuliwa, usipige kelele kutoka dirishani usiku. Ngoja asubuhi, salimia, uliza habari za watoto, kisha sema: "Dada, sombe yako inanukia vizuri, lakini kinu kinapiga ku kichwa cha mtoto wangu. Tukisogeze pale chini ya mwembe?" Sema "tukisogeze", na umusaidie kukibeba. Kama mumeshindwa kupatana, muiteni mwenye nyumba, kisha shefu wa kartie, mbele maneno hayajakuwa magumu.