Jina la faili linavyoikinga barua pepe isipotee

WATUMIAJI wengi wa barua pepe hawajui kwamba usalama wa ujumbe wao hutegemea pia jina ambalo tarakilishi huupa inapouhifadhi.

Kwa miaka mingi, mitambo ya Unix ilihifadhi barua zote za mtu mmoja katika faili moja ndefu, mtindo uitwao mbox. Kila barua mpya ilibandikwa mwishoni, na mwanzo wake ukatambuliwa kwa mstari unaoanza kwa neno "From". Hatari ilikuwa wazi. Iwapo umeme ungepotea kazi ikiendelea, au programu mbili zikaandika humo kwa wakati mmoja, huenda sanduku zima lingevurugika.

Katika miaka ya 1990, mwanahisabati wa Marekani Daniel J. Bernstein, aliyeunda programu ya qmail, alibuni mtindo wa Maildir. Hapa kila barua ina faili yake, na kila sanduku lina makabrasha matatu: tmp, new na cur. Barua inayowasili huandikwa kwanza ndani ya tmp. Ikishakamilika ndipo huhamishiwa new, na programu ya msomaji ikishaiona huipeleka cur. Umeme ukikatika barua ingali tmp, kinachosalia ni kipande kisichoonekana na msomaji, ambacho kinaweza kufutwa baada ya saa 36. Seva iliyoituma, kwa kuwa haijathibitishiwa kwamba imepokewa, hujaribu tena.

Yote haya yangekuwa bure kama faili mbili zingeweza kupewa jina moja, kwani ya pili ingeifuta ya kwanza. Ndiyo maana jina huwa kama hili: 1136073600.2187.nyati. Nambari ya kwanza ni sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970. Hizi zinaangukia mwanzo wa Januari 1, 2006, kwa saa za Greenwich. Ya pili ni nambari ya kazi iliyokuwa ikitekelezwa na tarakilishi, na neno la mwisho ni jina la mtambo wenyewe. Mitambo ilipozidi kuwa na kasi, sekunde moja ikawa muda mrefu mno, hivyo sehemu za sekunde na hesabu ya barua zilizopokewa zikaongezwa.

Barua ikifika cur, jina hurefushwa kwa alama :2, na herufi. S humaanisha imesomwa, R imejibiwa, F imewekewa alama, na T inasubiri kutupwa. Herufi hupangwa kialfabeti, kwa hivyo ni RS, wala si SR. Hali ya barua hubadilika bila maandishi yake kuguswa, jambo ambalo mbox haikuliweza.

Nukta pacha hizo ndizo huwasumbua mafundi, kwani Windows haikubali alama hiyo katika jina la faili. Anayenakili sanduku moja kwa moja hadi kwenye diski ya Windows huenda akakataliwa, au majina yakageuzwa na barua zilizokwisha kusomwa zikaonekana mpya. Ni heri kuzifungasha kwanza kwa programu ya tar, ambayo huyahifadhi majina jinsi yalivyo.